Majina yote ninayo, lakini moyo ukiwekwa mezani nachanganyikiwa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa kwanza. Nakuandikia kwa aibu kidogo. Mtihani wa nadharia wa anatomia ya kifua nilipata alama 81. Ule wa vitendo, siku nne baadaye, nikapata 37. Somo lile lile, kichwa hiki hiki. Mwenzangu mmoja ameanza kutania kwamba ile 81 niliiokota njiani.

Mtihani wenyewe ni ule wa vituo. Vielelezo vimepangwa mezani, kila kimoja kimechomwa pini yenye kibendera. Una dakika moja kwa kila kituo, kengele ikilia unasogea, na kugusa hairuhusiwi. Vituo vya moyo vilikuwa vitatu na vyote vitatu vilinishinda.

Cha kwanza, moyo umelazwa uso juu, pini imechomwa kwenye mshipa mnene ulio mbele kabisa. Nikaandika aota, kwa sababu najua aota ndiyo ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) kubwa kuliko zote, na huo ndio ulioonekana mkubwa. Jibu sahihi: shina la mapafu, ateri inayopeleka damu mapafuni.

Cha pili, moyo umegeuzwa, unauona mgongo wake, ncha ikiwa chini. Kuna matundu manne, mawili huku na mawili kule. Nikajua ni vena za mapafu, mishipa inayorudisha damu moyoni kutoka mapafuni. Pini ilikuwa kwenye tundu la juu, upande wangu wa kulia. Nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwangu, nikageuza, nikaandika vena ya mapafu ya juu ya kushoto. Ilikuwa ya kulia.

Cha tatu ndicho kilichoniumiza. Pini iko kwenye mshipa unaoshuka katika mfereji wa mbele, kati ya ventrikali mbili, yaani chemba za chini za moyo. Nikaandika bila kusita: tawi la ateri ya korona (ateri inayolisha moyo wenyewe) ya kushoto linaloshuka mbele. Kumbe ilikuwa vena kubwa ya moyo. Jina lake nalijua, nimeshaliandika kwenye nadharia, lakini sikuwahi kufikiria kwamba naiangalia.

Nimechora michoro mpaka kalamu zimeisha. Nina kadi za maswali. Nina mfano wa moyo wa plastiki, mwekundu na wa buluu, na kwenye huo sikosei hata mshipa mmoja. Maabara kila kitu kina rangi ya kahawia. Kwenye meza yetu tuko kumi, na mimi ndiye msomaji wa kundi: nashika mwongozo, nasoma kwa sauti, wenzangu wanapasua. Formalini, dawa ya kuhifadhia mwili, inaniwasha macho, na kusema kweli kushika mwili wa marehemu bado kunanipa taabu.

Marudio ni baada ya wiki tatu. Je, kuna namna ya kuitambua mishipa hii, au nizidi kukariri tu?

Msomaji wa kundi

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si ile 37. Ni jambo ulilolipitia haraka karibu na mwisho: wewe ndiye msomaji wa kundi. Wenzako tisa wamekuwa wakishika moyo, wewe umekuwa ukishika mwongozo. Nadharia ikampima mwenye mwongozo, akafaulu. Vitendo vikawapima wenye moyo mkononi. Huyo anayekutania kuhusu 81 mwache na utani wake.

Usizidi kukariri. Majina unayo ya kutosha. Unachokikosa ni kuuliza moyo umekaaje kabla ya kuuliza mshipa unaitwaje, na makosa yako yote matatu yametokea hapo.

Kwanza tumalize suala la kugusa. Formalini: omba ruhusa kielelezo kisuuzwe kwa maji yanayotiririka na kiachwe kichuruzike kidogo kabla hujakiinamia, vaa miwani ya kinga, na simama pale hewa inapopita. Utaona tofauti. Marehemu: hilo sitalifanyia mzaha. Mimi mkono wa marehemu ulinishinda kwa miezi, kwa sababu ya kucha. Moyo uliotolewa, ukiwa peke yake kwenye sinia, haukunitisha hivyo. Anza na huo. Hauna uso.

Sasa uchukue. Upande mmoja ni bapa na una matundu. Huo ni mgongo wake. Upande wa pili umebinuka, una mfereji uliojaa mafuta unaoshuka kwa mshazari, na juu yake ateri mbili nene zimesimama zimebanana. Huo ni uso. Uelekeze uso mbele, ncha ishuke kuelekea kushoto kwa moyo.

Halafu fanya jambo ambalo ningependa ulirudie mpaka vidole vilijue bila wewe. Pembeni ya zile ateri mbili, upande wa kulia wa moyo, kuna mshipa mpana wenye ukuta mwembamba, mara nyingi umelala kama mkono wa shati uliovuliwa. Ingiza humo kijiti butu, kishushe taratibu. Kikitokea chini, kwenye tundu jingine pana, bila kukunja kona, umepita katika vena kava ya juu, ukavuka atiria (chemba ya juu) ya kulia, ukatokea vena kava ya chini; hizo mbili ndizo vena kubwa zinazorudisha damu ya mwili moyoni. Hiyo ya chini wanafunzi wengi huidhani ni tundu lililotobolewa na kisu, kwa sababu ndani ya kifua ni fupi sana, kama sentimita 2 tu kutoka kwenye kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hadi moyoni. Ya juu ina urefu wa takriban sentimita 7, kwa hiyo kwenye kielelezo hubaki kipande cha kuonekana.

Ukishaupata mstari huo umepata upande wa kulia, na hautahama hata moyo ugeuzwe vipi. Kituo chako cha pili kilihitaji hilo tu. Kanuni ya "kulia kwake ni kushoto kwangu" ni ya watu wanaotazamana. Ukimsimamia mtu mgongoni, kulia kwake ni kulia kwako. Wewe ulikuwa umeusimamia moyo mgongoni, ukageuza kitu ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. Wala usihesabu kichwani. Tafuta vena kava mbili: zile vena za mapafu zilizo jirani nazo ni za kulia, zilizo mbali nazo ni za kushoto. Na usishtuke ukikuta matundu matatu upande mmoja, au mawili ya kushoto yameungana kabla ya kuingia atiria ya kushoto. Watu wameumbwa hivyo pia.

Tuje kwenye shina la mapafu na aota, ambapo karibu kila mtu huteleza. Ulichagua kwa ukubwa. Ukubwa unadanganya, kwa sababu shina la mapafu ndilo liko mbele, na kilicho mbele huonekana kikubwa. Linachomoza kutoka ventrikali ya kulia, ambayo ndiyo imeshika sehemu kubwa ya uso wa moyo, kisha linapanda likielekea kushoto na nyuma. Aota inatoka ventrikali ya kushoto, lakini mwanzo wake umefichwa nyuma ya shina; inapojitokeza inakuwa tayari iko kulia kwa shina. Hapo ndipo akili inapogoma: mshipa wa ventrikali ya kushoto uko kulia, wa ventrikali ya kulia uko kushoto. Imepishana. Ikubali tu.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia "vaa shati". Ukiutazama moyo usoni, soma juu yake kama unavyosoma mstari wa maandishi, kutoka kushoto kwako kwenda kulia kwako: Vena kava ya juu, Aota, SHIna. Neno la kitoto, lakini halijawahi kuniangusha. Tena halifi mtihani ukiisha. Kwenye picha za CT (eksirei zinazoonesha mwili vipande vipande) za kifua, pale shina linapogawanyika, utaikuta mishipa hiyo mitatu kwa mpangilio huo huo, maana kulia kwa mgonjwa kumewekwa kushoto kwako. Hata anayepima moyo wa mtoto aliye tumboni kwa ultrasaundi hutafuta mstari huu: shina, aota, vena kava, kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia. Mpangilio ukivurugika, anaanza kushuku kasoro ya kuzaliwa.

Ukiwa na shaka, na ukakuta wakufunzi wamekata mishipa juu, chungulia ndani. Huu ndio uthibitisho ninaouamini kuliko yote. Mishipa yote miwili ina vali ya vijifuko vitatu mwanzoni mwake, kwa hiyo vali haitakusaidia kuchagua. Lakini ndani ya aota, juu kidogo ya vijifuko viwili kati ya vile vitatu, kuna vitundu viwili vinavyotosha kupitisha kijiti chembamba. Hivyo ni milango ya ateri za korona, kulia na kushoto. Shina la mapafu halina. Ukuta nao unasema: wa aota ni mnene, ukikatwa unabaki umeachama kama kinywa cha bomba. Wa shina ni mwembamba zaidi, ila bado unasimama. Vena hunywea.

Shina lenyewe ni fupi, kama sentimita 5, kisha linagawanyika ateri ya mapafu ya kulia na ya kushoto. Ukiona mshipa umepasuka panda mara tu baada ya kutoka moyoni, huo si aota. Ateri ya kulia hupita nyuma ya aota na ya vena kava ya juu. Na kama upinde wa aota, pale inapopinda ili ishuke, haujakatwa, kuna kamba fupi ngumu inayounganisha uvungu wa upinde na ateri ya mapafu ya kushoto. Ni masalia ya mshipa uliokuwa wazi kabla hujazaliwa, ukipitisha damu pembeni ya mapafu ambayo yalikuwa hayajaanza kazi. Watahini wanaipenda sana kamba hiyo, pamoja na neva inayopita chini yake ikirudi kooni. Matawi matatu ya upinde unayajua, siyarudii.

Jambo jingine la kidole. Kipitishe nyuma ya aota na shina kwa pamoja, kiingilie upande mmoja kitokee upande wa pili, mbele ya vena kava ya juu na mbele ya atiria. Kitapita bila kuzuiwa, kwa sababu njia hiyo ipo kwa kila mtu. Madaktari wa upasuaji huitumia kuzungushia ateri hizo kamba au kibano. Sasa tazama: vyote vilivyo mbele ya kidole chako ni ateri kubwa, vilivyo nyuma yake ni vena na atiria. Mtihanini hutagusa, lakini ukishapitisha kidole mara ishirini, macho yataanza kukiona hata kisipokuwepo.

Kituo cha tatu sikulaumu sana, ingawa alama huna. Katika ule mfereji wa mbele wanashuka wawili, ateri na vena, na mafuta yamewafunika. Vena kubwa ya moyo kwa kawaida huwa kushoto kwa ateri na juu juu zaidi, ukuta wake mwembamba, umebonyea, wakati mwingine una weusi wa damu iliyoganda ndani. Ateri ni ya mviringo. Ukiibingirisha chini ya kidole unasikia kama uzi mnene. Ila dalili hizi huweza kukutupa kwenye kielelezo kilichochakaa, kwa hiyo fuata mshipa kwenda juu uone unakokwenda. Ateri itapenya kati ya shina la mapafu na kijisikio cha kushoto, ikielekea aota ilikotoka. Vena haiendi kwenye aota abadani. Inakata kushoto, inazunguka ukingo wa moyo hadi nyuma, na huko inamwaga damu kwenye mfereji mpana wa vena uitwao sinasi ya korona, unaofungukia atiria ya kulia, jirani na mlango wa vena kava ya chini. Nyuma nako ni vivyo hivyo: anayeshuka kati ya ventrikali ana vena ya kati ya moyo ubavuni. Kila utakapoandika jina la ateri ya moyo, jiulize mwenzake yuko wapi.

(Nimetaja kijisikio. Kuna vitabu vya shule vinavyoiita chemba nzima ya juu kwa jina la sikio. Meza ya anatomia haikubali hivyo: sikio ni kile kipande chenye kingo zilizokunjamana kinachochungulia mbele, chemba ni atiria. Alama zimepotea hapo bure.)

Mfano wako wa plastiki usiutupe, lakini ufungie kabatini kwa wiki hizi tatu. Umekufundisha kutambua rangi, na rangi yenyewe ina mtego: ateri ya mapafu imepakwa buluu na vena za mapafu zimepakwa nyekundu, basi mwanafunzi anaikuta ateri anaiita vena. Hata wakale walikwama hapo. Kwa muda mrefu ateri ya mapafu iliitwa vena iliyo kama ateri, na vena za mapafu zikaitwa ateri iliyo kama vena, kwa sababu walitaja mshipa kwa upande wa moyo uliotokea. Ibn al-Nafis, aliyefariki mwaka 1288, ndiye aliyeandika wazi kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupitia mapafuni. Wewe shika hivi: kinachotoka moyoni ni ateri, kinachoingia ni vena, na oksijeni usiiulize.

Maabara ikifungwa unaweza kujifunzia moyo wa ng'ombe au kondoo, mradi ujue utakapokudanganya. Mara nyingi mishipa imekatwa karibu mno na moyo. Upinde wa aota hutoa shina moja tu la kwenda mbele badala ya matawi matatu. Na wanyama hao wana vena ya azigosi (inayokusanya damu ya ukuta wa kifua) ya kushoto inayoingia kwenye sinasi ya korona, wakati kwa binadamu azigosi iko kulia na inaingia vena kava ya juu kwa nyuma. Ukikata moyo wa ng'ombe ukagonga kitu kigumu karibu na mwanzo wa aota, usidhani ni ugonjwa. Ana kijifupa humo.

Siku ya mtihani, sekunde kumi za kwanza za kila kituo cha moyo usiiangalie pini kabisa. Tafuta uso au mgongo, tafuta vena kava, ndipo urudi kwenye pini. Angalia ncha ya pini ilipozama. Kibendera huinama kikaangukia mshipa wa jirani. Soma swali lote, maana "taja mshipa" na "taja chemba unayofungukia" hukaa kwenye karatasi zinazofanana. Andika upande, andika jina lote: "ateri ya mapafu" bila kulia wala kushoto ni nusu jibu. Na kama ulishaandika, usibadilishe kwa sababu ya kengele. Badilisha ikiwa umeona kitu, mfano vitundu viwili ndani ya mshipa uliouita shina.

Kabla ya marudio, omba uvione tena vielelezo vile vitatu ikiwa bado vipo. Nenda na mwenzako mmoja, yule wa utani akikubali ni bora zaidi. Mwambie achome pini popote, akugeuzie moyo kichwa chini, kifudifudi, ubavu, na kila mara umwoneshe kulia kabla hujataja jina lolote. Na kuanzia kipindi kijacho, mwongozo mpe yeye ausome.